Nambari ya Mtahiniwa si ya Kugawa Ovyo

(Nakala ya mazungumzo kwa wazazi na vijana waliomaliza kidato cha nne)



Matokeo ya KCSE yakitoka, kijana huanza kutafuta nafasi ya chuo. Katika tovuti ya KUCCPS hujaza nambari ya mtahiniwa, mwaka wa mtihani na nywila. Wengi wameingia mara ya kwanza kwa nambari ya cheti cha kuzaliwa au ya KCPE, na baadhi hawaibadilishi kamwe. Nambari hizo zimo kwenye faili ya shule, simu ya rafiki na kompyuta ya saiba. Anayezipata anaweza kubadilisha kozi kabla ya maombi kufungwa, na aliyeomba uuguzi akajikuta kwingine kabisa.

Fomu za mkopo na basari huuliza mengi zaidi: vitambulisho vya wazazi, mapato, ugonjwa nyumbani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu hali ya afya, mali na majina ya wazazi kuwa data nyeti.

Kifungu cha 31 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya faragha. Kwa hivyo, chuo kinapaswa kumweleza mwombaji kwa nini kinataka taarifa zake, kichukue zinazohitajika tu, na kirekebishe zenye makosa. Zikivuja na kuna hatari ya kumdhuru mwenyewe, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Kaunti nayo imefungwa na sheria hiyo hiyo. Orodha ya wanufaika wa basari haina haja ya kubeba nambari za vitambulisho wala shida za familia.

Mwombaji afanye nini?

Kwanza, abadilishe nywila siku ya kwanza, na asimpe mtu, hata mwenye saiba.

Pili, akimaliza, atoke kwenye akaunti na afute nakala za vyeti zilizobaki katika kompyuta.

Tatu, asichapishe barua ya kujiunga na chuo mitandaoni.

Nne, anayepigiwa simu na mtu anayeahidi nafasi kwa malipo akate simu na kuuliza chuo chenyewe.

Aliyedhulumiwa anaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwa mdomo au kwa maandishi. Sheria inataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 90. Malalamiko hayo yana uzito: Septemba 2023, ofisi hiyo iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Mzazi asiyejua kompyuta pia ana kazi. Amuulize mwanawe leo: nywila umeibadilisha? Tahadhari kabla ya hatari.