Amri ya Tano Barabarani



Katika masomo yaliyotangulia tulieleza amri ya tano ya Mungu, inayotukataza kuua. Wengi husikia amri hii na mioyo yao hutulia, kwa maana hawakumwua mtu. Leo twataka kusema juu ya ghadhabu ya barabarani. Msiseme, "Sisi hatuna motokari, somo hili ni la wenye mali." Ngojeni kwanza.

Ninyi mkaao Kasindi mwalijua daraja la mto Lubiriha. Upande wetu magari hupita mkono wa kuume, tangu zamani za Wabelgiji. Ng'ambo, katika Uganda, hupita mkono wa kushoto, kama walivyozoeza Waingereza. Basi avukaye hana budi kubadili upande, na hawezi kubadili asipongojewa na mwenzake.

Sisi tulivuka kwenda kuhiji Namugongo, mahali Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake walipochomwa moto tarehe 3 Juni 1886. Tuliporudi kuelekea mjini Kampala, gari letu lilikwama Nakawa, katika barabara ya Jinja. Motokari zilijaa mbele na nyuma, na pikipiki zilipenya katikati yake kama maji katika mawe. Wenyeji huziita boda boda, jina lililozaliwa mpakani Busia, watu walipokuwa wakivushwa kwa baiskeli toka mpaka hadi mpaka.

Pikipiki moja iligusa motokari iliyokuwa mbele yetu, ikavunja kioo chake cha pembeni. Kioo tu. Dereva alishuka na chuma cha kufungulia magurudumu, akampiga yule kijana kichwani. Kofia yake ngumu ikapasuka. Isingalikuwapo, tungaliona maiti. Ndani ya motokari ile mlikuwa na mwanamke na mtoto mdogo, na mbele yao ilining'inia rozari. Mara wenye boda boda wengine wakafika, ishirini au zaidi, wakaizunguka motokari wakiigonga kwa ngumi.

Kiganda hatukifahamu sana, lakini kelele za kuchochea zafahamika bila mkalimani. Waliotutia hofu kuliko mwenye chuma ni wale wa pembeni. Wengi wao walikuja mbio toka sokoni, hawakuona mwanzo wa jambo, wala hawakuuliza. Mama mmoja mzee, muuza ndizi, ndiye aliyeingia katikati, akamshika dereva mkono wenye chuma. Katika maneno yake tulilijua moja tu, "ssebo", ndiyo kusema bwana. Alilirudia polepole hata askari alipofika.

Mwaka 2007 Baraza la Kipapa linaloshughulikia wahamiaji na wasafiri lilitoa mwongozo wenye amri kumi za wenye kuendesha. Yasemwa humo kwamba gari lisiwe chombo cha kuonyesha ukubwa wala nafasi ya dhambi, na kwamba barabarani aliye dhaifu alindwe. Maneno mema, twatamani yabandikwe katika kila lori lipitalo hapa.

Na sasa somo lawafikia ninyi msio na motokari. Katika barabara ya Beni, na ile ya Butembo, pikipiki ikimgonga mtoto, ni nani wanaokimbilia mawe na kiberiti? Ni watu wa kijiji, wengine wamebatizwa. Dereva ajua hayo. Kwa hiyo haoni njia ila kukimbia, na aliyeumia hubaki mavumbini, wala hakuna gari la kumpeleka hospitali. Mwadhani mnamlipia kisasi mtoto, kumbe mwamnyima uzima.

Sikilizeni maswali haya, na jioni wazazi wayarudie pamoja na watoto.

Je, kila hasira ni dhambi? Hapana. Baba amwonaye mtoto wake amegongwa huchomwa moyoni, na jambo hilo si kosa. Dhambi huanza anapoikubali hasira imwongoze mkono au ulimi kumdhuru mtu.

Je, asiyepiga, bali apigaye kelele "Mchomeni!", amevunja amri ya tano? Ndiyo. Ameshiriki kazi ya wauaji, hata kama alisimama mbali.

Je, aliyechoma pikipiki ya mwenzake, akiisha kuungama kwa majuto, amemaliza? La. Yampasa kulipa, kwa kuwa pikipiki ile huenda ndiyo iliyolisha nyumba nzima.

Na kama waliochoma walikuwa watu arobaini? Hapo wengi hucheka, wakisema deni la watu arobaini si deni la mtu. Wakutane, wachange, wampelekee mwenyewe. Na kama thelathini na tisa wakikataa, yule mmoja aliyebaki angali ana deni.