Mtoto Anauliza, Mjibu

 Wazazi na walezi, leo tuanzie jikoni. Unachambua mchele kwenye ungo, na mtoto wa miaka mitatu amechuchumaa pembeni. Anauliza, "Hii nini?" Tafadhali usimfukuze. Mwambie: hii ni chuya, hili ni jiwe, hebu nitafutie jingine. Mkihesabu pamoja mawe matano, ameshajifunza hesabu, majina ya vitu na subira, tena akiwa karibu nawe.

Kumjibu mtoto hivi kumo hata katika mipango ya nchi: Tanzania ina Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021. Inamtazama mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8: afya, lishe, ulinzi, malezi yenye mwitikio na ujifunzaji wa awali. Malezi yenye mwitikio maana yake mtoto akilia, akicheka au akinyoosha kidole, mtu mzima anamjibu. Hata mtoto mchanga asiyejua kusema hujibiwa kwa macho na sauti.

Vifaa vya kuchezea? Vifuniko vya soda, magunzi, mpira wa makaratasi. Vidogo sana viwekwe mbali na wanaotia kila kitu mdomoni.

Na simu? Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa. Wa miaka 2 hadi 4, muda wa skrini usizidi saa moja kwa siku.

Kina baba, nanyi tunawasihi. Usiku huu, kabla hajalala, mtegee mwanao kitendawili kimoja.