Mdudu wa Chuma Analiwa? Mazungumzo na Vijana na Mafundi wa Osiri

(Haya ni maneno ya afisa wa mawasiliano wa kaunti katika kikao cha vijana, mafundi wa jua kali na wazazi mjini Osiri. Tunayachapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.)

 

Kabla sijasimama hapa, mama mmoja alinivuta kando akaniuliza, "Nyathina, huyo mdudu wa chuma mliyetuitia, analiwa?" Tulicheka, lakini swali lake ni la haki. Kumbikumbi wakitoka baada ya mvua, tunawakamata, tunawakaanga na watoto wanashiba. Huyu wa chuma haliwi. Basi lazima tuulize atamfaa nani, na tutamtengeneza kwa gharama gani.

Ninazungumzia vinyago vya wadudu vinavyoundwa kwa vyuma chakavu na kusimamishwa katika bustani ya nyumbani, ya shule au ya hoteli. Kazi hii si ngeni nchini. Kioko Mwitiki amejulikana kwa miaka mingi kwa kuunda tembo na wanyama wengine wakubwa kutokana na vyuma vilivyotupwa. Kama tembo anaweza kutoka kwenye rundo la taka, siafu hatatushinda.

Hapa Osiri chuma hakikosekani. Penye dhahabu pana mashine za kusaga mawe, na gololi zake zikishalika hutupwa. Pikipiki za boda boda nazo hutuachia cheni, plagi na spoku. Lakini kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea, mtazame mdudu mwenyewe. Ana sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo. Miguu yake ni sita, na yote hutoka kifuani. Ukimpa minane umeunda buibui, na mtoto wa shule ya msingi atakucheka.

Kwa siafu, gololi kubwa huwa tumbo, ya wastani kifua, na ndogo kichwa. Spoku zikikunjwa mara mbili huwa miguu. Kerengende anahitaji mwili mrefu, kama kipande cha cheni kilichonyooshwa, na mabawa manne ya bati. Vipange vipande vyote chini kwanza. Waliojenga Thimlich Ohinga, ambayo mwaka 2018 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, walisimamisha kuta za mawe bila saruji kwa sababu kila jiwe lilichaguliwa likae mahali pake. Fundi wa chuma naye achague hivyo. Kiungo kisichokaa vizuri hakiponywi kwa kurundika chuma cha moto juu yake.

Gololi za kusagia ni chuma kigumu. Ukizichomelea zikiwa baridi, kiungo huweza kupasuka. Zipashe moto polepole, zichomelee, kisha ziache zipoe zenyewe. Usizimwagie maji.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo palipo na hatari. Chuma chochote kilichowahi kugusa zebaki kisiingie katika kazi hii. Karai, beseni, gololi au kipande cha mashine, kama hujui kilitumiwaje, kiache. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, na moto wa kuchomelea hupita hapo mbali sana. Mvuke wake hauonekani wala haunuki, lakini hudhuru ubongo na figo, na humfikia mtoto aliye tumboni. Kuosha kwa sabuni hakutoshi. Usiseme, "Nimezoea, sijawahi kuumwa." Sumu hii haiji kwa kelele.

Mabati nayo yamepakwa zinki. Ukiyachoma moto hutoa moshi mweupe. Anayeuvuta huweza kupata homa, baridi na maumivu ya mwili saa chache baadaye. Kwetu sisi, mtu akitetemeka usiku tunasema ni malaria. Nenda ukapimwe, na umwambie daktari kwamba mchana ulikuwa unachomelea. Afadhali zaidi, kwangua zinki yote mahali pa kiungo, fanya kazi nje penye hewa, na simama upande unakotoka upepo.

Kuhusu macho, mimi ni shahidi. Nilipokuwa napiga picha za fundi kazini, nilitaka cheche zionekane vizuri, nikatazama bila kioo cheusi. Mchana sikuhisi kitu. Usiku macho yaliniwaka kana kwamba yamejaa mchanga, nikakaa gizani hadi kesho yake. Picha yenyewe haikutoka vizuri. Kwa hiyo watoto wanaopenda kusimama na kutazama, waondoeni.

Kuna jambo la sheria pia. Januari 2022 Serikali ya Kitaifa ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu nchini kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu, zikiwemo nguzo za umeme. Baadaye biashara ilifunguliwa tena kwa masharti. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara awe na leseni. Nunua kwa anayejulikana, dai risiti, na uandike kwenye daftari ulichonunua na kwa nani. Mtoto akikuletea waya wa umeme au mfuniko wa mtaro, usimpe hata shilingi. Ukimlipa leo, umemtuma tena kesho.

Kazi ikikamilika, piga tupa kila ncha kali, sugua kwa msasa, kisha paka rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu. Mchomelee mdudu wako nondo ya kuzikwa ardhini ili asimwangukie mtoto. Na penye shimo la kukusanya maji ya mvua, toboa tundu yatoke. Itakuwa aibu mdudu wa chuma akituzalia mbu wa kweli.

Sikuja na ahadi ya soko. Ningesema kila siafu ana mnunuzi, ningekuwa nawadanganya. Ninachowaomba ni hesabu. Tuseme vyuma ni shilingi 150, vijiti vya kuchomelea 150, umeme 100 na rangi 200. Hiyo ni 600 kabla ya kuhesabu saa zako. Ukimuuza kwa 600 kwa kuwa mteja amekulilia, umefanya kazi bure. Anza na mmoja, umweke mbele ya karakana watu wamwone, usikilize wanasema nini. Usiache kazi inayokulisha leo.

Lakini nataka pia kumjibu yule mama. Mwanao anayeshuka shimoni alfajiri, wewe hukai kwa amani hadi apande. Mdudu wa chuma hatalijaza shimo hilo. Ila kijana akijua kuchomelea vizuri, anajua pia kutengeneza mlango, dirisha na kitanda, na jioni anarudi nyumbani akiwa na vumbi la juu ya ardhi. Huyo mdudu haliwi, mama. Mkono uliojifunza kumuunda ndio utakaoleta unga.