Tushone Alama Yetu, Tuhesabu na Mkono Wetu

(Mazungumzo ya mwalimu mbele ya Kamati na vyama vya ushonaji, Nakivale, wakati wa matayarisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi mliyokwisha kuianza: kushona vitu vya washabiki vya kuuza siku ile watu wa kanda zote, Base Camp, Rubondo na Juru, watakapokusanyika uwanjani. Bendera ndogo za mkononi, kofia, skafu, vitambaa vya kufunga mkononi. Kazi ni nzuri na ni halali. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatambua haki ya mkimbizi ya kufanya kazi. Basi tusishone kama watu wanaojificha. Lakini kabla mkasi haujagusa kitambaa, kuna maswali mawili ya kujibu. Tushone alama gani? Na tuuze bei gani?

Nianze na alama. Mshabiki hanunui kitambaa. Kitambaa anacho nyumbani. Ananunua kitu cha kuinua juu ili watu waone yuko upande gani. Kwa sababu hiyo alama ina nguvu, na kitu chenye nguvu kinaweza kujenga au kubomoa. Hapa tunaishi watu wa Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na kwingineko. Tukishona bendera za nchi peke yake, tutauza, sikatai. Lakini mpira ukiisha kwa penalti, bendera hizo zinaweza kurudi nyumbani zimegeuka fimbo. Washonaji watakuwa wameuza ugomvi bila kukusudia.

Wengine wamependekeza tushone zile pete tano za Olimpiki, au alama ya Umoja wa Mataifa tunayoiona kwenye magari. Nasema hapana. Pete za Olimpiki zinalindwa na mkataba uliofanywa hapa jirani, mjini Nairobi, mwaka 1981. Alama ya Umoja wa Mataifa nayo inalindwa na azimio la Baraza Kuu la mwaka 1946. Vilevile nembo za timu zina wenyewe. Anayependa Leopards wa Kongo, waliochukua Kombe la Afrika mwaka 1968 na 1974, ashonewe kofia ya kitambaa cha madoadoa ya chui. Inatosha. Madoadoa ni ya chui, hayana hati. Nembo ya shirikisho la mpira tuiache.

Sasa tutafute yetu. Mwaka 2016, huko Rio de Janeiro, kwa mara ya kwanza timu ya wakimbizi ilishiriki Michezo ya Olimpiki. Walikuwa wanamichezo 10. Watano walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma. Wawili walikuwa wana wa Bukavu, Popole Misenga na Yolande Mabika, wachezaji wa judo waliofika Brazil mwaka 2013 kwa mashindano ya dunia wakaomba hifadhi hukohuko. Timu ile ilipita uwanjani na bendera ya Olimpiki, maana haikuwa na yake. Msanii mmoja Msiria, Yara Said, aliyekimbilia Amsterdam, akabuni bendera kwa ajili yao: rangi ya machungwa na mstari mmoja mweusi. Alizitoa rangi hizo kwenye makoti ya kuokolea watu baharini. Haikupewa cheo cha bendera rasmi, lakini aliyevuka bahari akiiona haulizi maana yake. Miaka 8 baadaye, Paris 2024, timu ya wakimbizi ilikuwa na nembo yake yenyewe, na bondia Cindy Ngamba akaipatia medali ya kwanza, ya shaba.

Sisemi tuige bendera ya Yara Said. Ile ni kazi ya mikono yake. Nasema tujifunze njia aliyopita. Alijiuliza: watu wangu walivuka wakiwa wamevaa nini? Nasi tujiulize. Wengi wetu hatukuvuka bahari. Tulivuka milima, mito na barabara. Na katika mizigo yetu, Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda, ni mama gani aliyekosa kitenge? Kitenge kilibeba mtoto mgongoni. Kitenge kilifunga sufuria na nguo. Usiku kilikuwa shuka, mchana kilikuwa kivuli, na siku ya msiba kilifunika maiti. Dada zetu Wasomali nao wana nguo zao walizokuja nazo. Vipande vyake viingie humohumo. Pendekezo langu ni hili: bendera ya rangi moja, na katikati mstari mmoja wa kipande cha kitenge. Kila bendera mstari wake. Hakuna mbili zitakazofanana, na zote zitatambulikana kuwa moja.

Sasa bei. Mali bila daftari huisha bila habari. Tufanye hesabu ya ubaoni, na bei nitakazotaja ni za mfano. Kila chama kiweke bei za siku yake. Bendera moja ikatwe sentimeta 33 kwa 48, ili baada ya kukunja pindo ibaki 30 kwa 45. Kitambaa cha upana wa sentimeta 150, mita 4, kinatoa bendera 36. Mstari wa kitenge ukatwe sentimeta 8 kwa 48.

Tuseme mita ni shilingi 7,000: mita 4 ni 28,000. Vipande vya kitenge tuvinunue kwa mafundi wenzetu, 7,000. Uzi 3,000. Vijiti 36 kwa 200 ni 7,200. Hapo wengi wanafunga daftari: 45,200. Wakiuza 2,000 kila moja wanapata 72,000, wanafurahi kwamba faida ni 26,800.

Fungueni daftari tena. Nauli ya kwenda Mbarara na kurudi, 20,000. Sindano, mafuta na matengenezo ya cherehani, 5,000. Tumefika 70,200. Faida imebaki 1,800. Na bado mshonaji hajalipwa! Bendera moja, kukata, kushona na kupiga pasi, tuseme ni dakika 25. Bendera 36 ni saa 15. Gawanyeni 1,800 kwa saa 15: ni shilingi 120 kwa saa. Mama ameacha shamba na watoto kwa shilingi 120, na madaftari ya shule hayanunuliwi kwa fedha hiyo.

Tumwekee basi shilingi 1,000 kwa saa, yaani 15,000. Jumla ni 85,200. Tukiuza kwa 3,000, bendera 29 zinarudisha kila kitu, pamoja na mshahara. Zile 7 za mwisho ndizo faida ya sanduku la chama. Na zikibaki, hatufi.

Mtu atauliza: mwalimu, mkimbizi atatoa wapi 3,000? Swali la haki. Kwa huyo tushone kitambaa cha mkononi kutoka masalio yaleyale, cha shilingi 500. Mtoto naye apate cha kuinua. Lakini tusiteremshe bei ya bendera kwa kukata mshahara wa mshonaji. Hiyo si huruma. Ni kumfanya maskini mmoja amlipie maskini mwingine bila kuulizwa.

Neno la mwisho la kazi: msishone tarehe wala mwaka juu ya bendera. Yenye mwaka, kesho yake ni tambara. Isiyo na mwaka itauzwa tena kwenye mashindano ya shule, harusi na mwakani. Na pindo likunjwe mara mbili, maana mnunuzi wa mwaka huu ndiye atakayewatangaza au kuwachafulia jina.

Ndugu zangu, tumezoea kuhesabiwa: kadi, foleni, watu wangapi kwa nyumba. Safari hii tuhesabu wenyewe, na jambo la kwanza kuandikwa katika hesabu liwe mkono wa mama anayekanyaga cherehani.