Seli za Shina: Tuelewe Kabla ya Kufungua Sanduku la Kikundi



Leo tuongee juu ya jambo ambalo limeanza kuingia katika mikutano yetu. Mwanachama anakuja na karatasi aliyopewa huko mjini. Karatasi inasema seli za shina zinaponya kisukari, presha, maumivu ya magoti, kila kitu. Anaomba mkopo. Je, tumpe?

Kwanza tuelewe. Mwili umejengwa kwa seli, kama nyumba ilivyojengwa kwa mawe. Lakini seli huchakaa. Seli nyekundu ya damu huishi siku kama 120 tu, halafu inakufa. Nyingine inatoka wapi? Akina mama, angalieni sukuma wiki. Unachuma majani leo, na baada ya siku chache shina limetoa mengine. Mwilini pia kuna seli ambazo kazi yake ni kutoa seli mpya. Hizo ndizo seli za shina. Zile za damu hukaa kwenye uboho, yale mafuta ya ndani ya mfupa tunayoyajua kwenye supu.

Sasa, mtoto mwenye sikoseli ana shina linalotoa majani mabaya. Familia nyingi zilizotoka Magharibi na Nyanza zinaujua ugonjwa huu. Kumwongezea damu ni kama kununua majani sokoni: yanasaidia, lakini yataisha. Kupandikiza uboho ni kubadilisha shina lenyewe. Madaktari huua uboho wa zamani kwa dawa kali, kisha humtundikia mgonjwa seli za mtu mwenye afya kupitia mshipa. Anayefaa zaidi kutoa ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, na kila ndugu ana nafasi moja tu kati ya nne ya kulingana naye. Majirani zetu Tanzania walianza kutibu watoto wa sikoseli hivi mwaka 2023, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Lakini si mchezo. Mgonjwa anaweza kuambukizwa vibaya, hata kufa. Kwa hiyo wengi bado hutibiwa kwa vidonge vya haidroksiyurea, na vinapunguza maumivu kweli.

Ngozi nayo ina shina lake. Mtu akiungua na jiko, madaktari wanaweza kuchukua ngozi nyembamba pajani na kuipandikiza kwenye kidonda. Huko Marekani, tangu miaka ya 1980, wataalamu wamekuza kipande kidogo cha ngozi katika maabara hadi kikatosha kufunika kidonda kikubwa. Huo ndio uhandisi wa tishu.

Basi tiba ya kweli ipo, ila kwa magonjwa machache. Kwa kisukari na magoti, bado wataalamu wanafanya utafiti. Na zile kopo za vidonge? Seli ni kitu hai. Haikai kwenye rafu miezi sita. Hata ungeimeza ikiwa hai, tumbo lingeisaga kama nyama nyingine yoyote.

Kwa hiyo mwanachama akileta karatasi, tusimcheke. Anaumwa, na anatafuta msaada. Twende naye kwa daktari wa kliniki yake kabla ya kutoa hata shilingi. Tuulize: seli zinatoka kwa nani? Zinatibu ugonjwa gani hasa? Daktari huyu amesajiliwa na baraza la madaktari? Pia tukumbuke kwamba Sheria ya Afya ya 2017 inataka mtu anayetolewa tishu aelezwe vizuri na akubali kwa maandishi.

Anayekasirika akiulizwa maswali hayo, huyo pesa zetu zisimfikie.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

1. Kuna mtoto mwenye sikoseli katika familia zetu? Anafika kliniki kila tarehe anayopewa?
2. Nani kati yetu ameacha dawa za kisukari au presha kwa sababu ya vidonge vya mjini?
3. Tuweke kanuni gani kwa mikopo ya matibabu?