Tusiuze Kura kwa Butura

   Msikilizaji wa Karagwe na Kyerwa, leo nataka tuzungumze juu ya kiti cha ubunge: nani wamekikalia, walifika wapi, na sisi tuliowatuma tumebaki na nini mkononi.

Naanza mbali kidogo. Julai 1959, kijana wa Karagwe ambaye hata miaka 30 alikuwa hajatimiza aliteuliwa kuwa waziri wa Tanganyika. Gavana alikuwa bado Mwingereza. Kati ya wajumbe waliochaguliwa kwa kura, waliopewa uwaziri siku zile walikuwa watano tu: Chifu Abdallah Fundikira, Amir Jamal, Derek Bryceson, Solomon Eliufoo, na huyo wa kwetu, George Kahama.

Kahama alipita katika uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, uliofanyika kwa awamu mbili, 1958 na 1959. Ulikuwa uchaguzi wa kura tatu. Kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Na kupiga kura kwenyewe hakukuwa haki ya kila mtu. Ulihitaji kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa na serikali. Bibi na babu zetu wengi walibaki nje ya mlango ule, lakini jasho lao lilikuwa ndani. Kahama alipanda kisiasa kupitia kahawa. Alikuwa amekwenda Uingereza kusomea ushirika, akarudi akawa meneja mkuu wa chama kikuu cha ushirika cha Bukoba, chama cha wakulima waliotaka kupima na kuuza kahawa yao kwa mikono yao wenyewe. Ndiyo maana wizara ya kwanza aliyokabidhiwa ilikuwa ya ushirika na maendeleo ya jamii.

Baada ya hapo safari yake ilikuwa ndefu. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Kahama. Akahamia Biashara na Viwanda. Akawa balozi Ujerumani Magharibi. Akaongoza Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC. TANU ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, akapewa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, auanzishe mji. Akawa balozi China. Mwaka 1990 Kituo cha Kukuza Uwekezaji kilipoanzishwa, akakiongoza. Hatimaye akaingia katika Bunge la 2000 hadi 2005 kama mbunge wa Karagwe, na Rais Mkapa akampa Wizara ya Ushirika na Masoko. Alianza na ushirika, akarudi kwenye ushirika. Chini ya wizara yake Bunge likapitisha Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2003. Alifariki dunia Muhimbili, Machi 12, 2017, akiwa na miaka 87.

Msikilizaji, huyu ni mtu wa kujivunia, na mimi najivunia. Lakini hebu tuitazame safari ile kwa jicho la mkulima mwenye kibanja. Kura ndiyo iliyomtoa nyumbani. Ubalozi, shirika, mamlaka na kituo, vyote alivipata kwa uteuzi. Mwenye uteuzi ndiye anayekutuma, na ndiye unayempa hesabu. Mwaka 1976, wakati Kahama akiwa Dodoma na ramani za mji mpya, serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, na kile cha Kagera kikiwemo. Kahawa ikawekwa chini ya mamlaka ya serikali. Vyama vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini aliyewahi kuuza kahawa miaka ile anajua kwamba imani haikurudi kwa kasi ya sheria. Simbebeshi Kahama lawama hiyo. Ninachosema ni kwamba siku ushirika ulipohitaji mtetezi, mtoto wake mkubwa alikuwa na kazi nyingine aliyopewa na taifa.

Sasa tuje karibu. Mwaka 2005 kiti cha Karagwe kilikwenda kwa Gosbert Blandes, akakaa vipindi viwili. Mwaka 2015 akachaguliwa Innocent Bashungwa, akarudishwa 2020. Novemba 2018 akawa Naibu Waziri wa Kilimo. Mwaka 2019, Waziri wa Viwanda na Biashara. Desemba 2020, Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo. Januari 2022, TAMISEMI. Oktoba mwaka huohuo, Ulinzi. Mwaka 2023, Ujenzi. Desemba 2024, Mambo ya Ndani. Umesikia wizara hizo? Viwanda na Biashara, Mambo ya Ndani. Ni viti ambavyo mtu wa Karagwe alivikalia miaka zaidi ya 50 kabla yake. Jimbo letu limekuwa kitalu cha mawaziri.

Ni heshima, na heshima ina faida zake. Lakini ina gharama ambayo hatuisemi. Katiba yetu, ibara ya 55, inataka mawaziri wote watoke miongoni mwa wabunge. Na ibara ya 63 inalipatia Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri serikali kwa niaba ya wananchi, ikiwa ni pamoja na kumuuliza waziri swali lolote kuhusu mambo ya umma. Yaweke pamoja mambo hayo mawili. Mbunge akiwa waziri, hasimami tena kuuliza maswali, yeye ndiye anayejibu. Hawezi kusimama bungeni akaibana serikali kuhusu bei ya kahawa ya maganda, kwa sababu serikali ni yeye. Anaweza kumnong'oneza mwenzake kwenye korido, lakini mnong'ono hauingii kwenye Hansard, na mpiga kura wa Bugene hawezi kuusoma.

Tumewahi kuiona tofauti hii hapahapa kwetu. Kati ya 2000 na 2005, Kyerwa ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Karagwe, maana ilikuja kuwa wilaya mwaka 2012. Wilaya moja, majimbo mawili. Karagwe ilikuwa na Kahama wa CCM, waziri. Kyerwa ilikuwa na Benedicto Mutungirehi wa TLP, chama cha upinzani chenye viti vichache sana bungeni. Mmoja alikaa upande wa kujibu, mwingine upande wa kuuliza. Wananchi wa wilaya moja walikuwa na mkono ndani ya serikali na sauti mbele yake. Sidhani kama tulipanga hivyo. Lakini bahati ile inatufundisha kwamba uwakilishi una kazi mbili, na mtu mmoja hawezi kuzifanya zote kwa wakati mmoja.

Basi tufanyeje? Tuwakatae mawaziri wetu? La, wala siombi hivyo. Naomba tujifunze kuwapima wabunge wetu, wawe mawaziri au wasiwe, kwa daftari na si kwa msafara wa magari.

Daftari la kwanza ni Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge. Ziko kwa Kiswahili. Kijana mwenye simu pale stendi ya Kayanga anaweza kuwasomea wazee alichosema mbunge wao, na akatafuta jina la Karagwe limetajwa mara ngapi.

Daftari la pili ni Baraza la Madiwani. Mbunge wa jimbo ni mjumbe wa halmashauri, na baraza linakaa kila robo mwaka. Nenda ukasikilize. Ukiona kiti cha mbunge kiko wazi kwa sababu yuko kwenye kazi za kitaifa, basi mwulize diwani wako: hoja yetu ya barabara, ya maji, ya mizani ya chama chetu cha msingi cha ushirika, AMCOS, nani ameibeba?

Daftari la tatu ni Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009. Mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge mwenyewe. Fedha hizo ni za umma. Bati lililoezeka darasa la kijijini kwako si zawadi ya mheshimiwa, ni fedha yako iliyorudi nyumbani. Ipokee kwa adabu, kisha uulize zilizobaki zimekwenda wapi.

Nimalizie na jambo ambalo kila mkulima wa hapa analijua: butura. Mtu ana shida ya ada au ya matibabu. Anakuja mnunuzi, anaangalia kahawa ingali maua mtini, anatoa fedha kidogo, na msimu ukifika gunia ni lake. Ulipalilia wewe, ukaweka matandazo wewe, lakini unasimama kando ukitazama mwingine akivuna. Serikali imeipiga marufuku butura, na wengi tunailaani kwa midomo yetu.

Lakini wakati wa kura za maoni ndani ya vyama, na wakati wa kampeni, wangapi kati yetu tunaiuza kura ingali ua? Kwa kilo ya sukari, kwa kitenge, kwa noti moja iliyokunjwa usiku. Uliyemuuzia kura kwa butura hana deni nawe. Amekwisha kulipa. Akivuna uwaziri, ubalozi au ukurugenzi, mavuno ni yake, na huna mahali pa kudai.

Babu zetu wengi katika uchaguzi ule wa kwanza hawakuruhusiwa hata kulisogelea sanduku la kura. Sisi leo tunaingia na kadi moja tu, bila kuulizwa pauni 150 wala darasa la nane. Ndugu yangu wa Karagwe, ndugu yangu wa Kyerwa, iache kura yako iive mtini. Mpe mtu ambaye umesoma daftari lake, na ukishampa, endelea kulisoma kwa miaka yote mitano.