KABLA HATUJAJENGA MAKAO YA WATOTO

(Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya kujitegemea, Voi)



 Wengine mmetoka mbali, Kasigau na Sagalla, na mmeacha mashamba bila mlinzi, na ndovu hawangoji mkutano uishe. Kwa hivyo sitawaweka sana.

Kikundi kimoja kimeniletea swali. Wana kiwanja, na kuna marafiki wa ng'ambo wako tayari kuwasaidia kujenga makao ya mayatima: vitanda 30, jiko na kisima. Wananiuliza, "Dada, tuanze harambee?" Swali limetoka katika moyo wa huruma, na mimi nawashukuru. Lakini kabla ya kujibu nitawapa kisa changu mwenyewe, na sijivunii kisa hicho.

Nilipokuwa mgeni katika kazi hii, nilikuta boma moja mama amefariki na baba hajulikani aliko. Watoto walikuwa watatu, wanaishi na nyanya yao. Nyumba inavuja, chakula ni mara moja kwa siku, karo hakuna. Nikaandika ripoti: nyanya hajiwezi. Watoto wakapelekwa makao ya watoto mbali na hapa. Nyanya alilia, nami nikamwambia, "Usilie mama, huko watakula vizuri." Na kweli walikula.

Baada ya miaka 12 yule mkubwa alifika umri wa kutoka. Alikuja ofisini na begi moja. Kidawida hajui, ndugu zake hawatambui barabarani, shamba la mama yake limeshagawanywa na wajomba. Nyanya tulikuwa tumemzika miaka miwili iliyopita, na hakuna aliyemletea habari. Akaniuliza, "Anti, kwetu ni wapi?"

Wapendwa, sikuwa na jibu. Shida ya yule nyanya ilikuwa mabati, unga na karo. Upendo alikuwa nao. Tungemtengenezea paa na kumpa mbuzi wawili, watoto wangebaki kwao. Sisi tuliona umaskini, tukaondoa watoto.

Sasa mtaniuliza, kwani makao ni mabaya? Hapana. Kuna watu wanaofanya kazi hiyo kwa moyo safi, masista wetu wakiwemo. Ugonjwa wa UKIMWI ulipotuangukia miaka ya 1990, makao mengi yalifunguliwa kwa sababu watu walizidiwa. Lakini mlezi mmoja mwenye watoto 20, anayefanya kazi kwa zamu, hawezi kumjua kila mtoto jinsi shangazi anavyomjua. Leo ni huyu, kesho ni mwingine. Mtoto mchanga anahitaji uso mmoja anaouzoea.

Haya yamechunguzwa. Nchi ya Romania, serikali yake ilipoanguka mwaka 1989, ilikutwa na watoto zaidi ya 100,000 katika makao. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wataalamu waliwafuatilia watoto wadogo 136 katika mji wa Bucharest. Nusu walibaki katika utaratibu wa kawaida wa makao, nusu walipelekwa kwa familia za kuwalea. Wale wa familia walikua vizuri zaidi kiakili na katika kushikamana na watu, hasa waliotoka makao kabla ya kufika miaka miwili. Kitanda kizuri hakikutosha.

Hata sheria yetu imeelekea huko. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kulelewa na wazazi, na inasema baba na mama wana wajibu sawa, wawe wameoana au hawajaoana. (Akina baba, nimewaona mnaangalia chini!) Mwaka 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya. Mwaka 2022 tukapata Sheria mpya ya Watoto, na mwaka huo huo mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto polepole katika familia na jamii. Makao yawe njia ya mwisho, tena kwa muda. Na hakuna ruhusa ya kumpeleka mtoto makao kwa kuelewana tu na jirani. Lazima upite kwa afisa wa watoto na mahakama.

Lakini tusijidanganye. Nyumba ya ndugu pia inaweza kuumiza. Nimeona yatima akilala jikoni na binamu zake wakilala kitandani. Nimeona msichana akiitwa "mtoto wetu" mbele ya wageni, na wageni wakienda yeye ndiye kijakazi. Mkono mmoja haulei mwana, lakini mikono mingi bila macho pia haimlei. Kwa hivyo kila kikundi kichague watu wawili wanaoaminika, wamtembelee kila mtoto anayelelewa na jamaa mara moja kwa mwezi, na waangalie haya:

1. Analala wapi, na nani?
2. Anakula pamoja na wenzake, chakula kile kile?
3. Yuko shuleni siku zote, hata siku ya soko?
4. Ana cheti cha kuzaliwa?
5. Shamba na mali ya wazazi wake iko mikononi mwa nani?
6. Akiongea nawe bila mlezi kuwepo, uso wake unasema nini?

Ukiona dalili ya kupigwa au kuharibiwa, usiitishe kikao cha ukoo kwanza. Nenda kwa afisa wa watoto, au piga simu namba 116, ni bure.

Na mlezi naye asaidiwe. Mzee wa miaka 70 na zaidi aliyeandikishwa katika Inua Jamii hupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Kuna nyanya wengi hapa hawajaandikishwa kwa sababu tu kitambulisho kimepotea. Mpelekeni kwa chifu, mkono kwa mkono. Pesa za mzunguko mnazochanga, wekeni kidogo kando kwa karo na sare.

Wale walio katika makao sasa wasirudishwe kama mizigo ya matatu. Kwanza jamaa atafutwe, atembelee, mtoto aje likizo, aonyeshwe kaburi la mama yake na mpaka wa shamba. Halafu ndipo ahamie, na sisi tuendelee kumtembelea. Masista wa Uganda walianza mpango wa namna hii mwaka 2016, wakigeuza makao yao kuwa vituo vya kusaidia familia. Kazi ya masista haikuisha. Ilihamia vijijini.

Basi, jibu langu kwa kikundi chenye kiwanja. Kisima, chimbeni. Jiko, jengeni, watoto wa kijiji wapate uji mchana. Chumba kimoja kiwe cha kusomea jioni. Vitanda 30 viacheni. Waandikieni marafiki zenu kwa heshima, muwaeleze sababu. Wakiwa marafiki wa kweli wataelewa. Na wasipoelewa? Afadhali tukose jengo kuliko kumkosesha mtoto kwao.

Yule kijana sasa ana kazi yake hapa Voi. Huwa ananisalimia vizuri. Lakini swali lake bado sijalijibu.

Mungu awabariki.

Maswali ya kujadiliana kikundini:
- Katika kijiji chetu ni watoto wangapi wanalelewa na nyanya au jamaa? Tunawajua kwa majina?
- Kuna mtoto wetu aliye makao? Nani alimtembelea mara ya mwisho?
- Mwezi huu tutamsaidia mlezi gani, na kwa kitu gani?